Askari magereza waliomsaidia kaka yangu kwa siri: walikosea wao, au utaratibu ndio uliokosea?

Mwenyeji wa Newala (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naleta hoja ambayo katika ukoo wetu imekwisha kuwagawa watu makundi mawili, na kwa kuwa humu wamo mawakili, watumishi wastaafu na watu waliowahi kukaa ndani, natumaini tutaijadili kwa utulivu.

Kaka yangu alitumikia kifungo katika gereza moja la huku kusini. Silitaji jina, kwa sababu waliomsaidia bado wana watoto wanaosomeshwa kwa mshahara wa kazi hiyo. Aliingia kwa kesi ya kujeruhi iliyotokana na mpaka wa shamba la mikorosho, ugomvi ambao kila mtu wa Newala, Tandahimba au Masasi anaufahamu: mti ulipandwa na babu, matawi yamevuka mpaka, msimu umefika, na kila upande unadai kwamba korosho zilizoanguka ni zake. Panga likatumika. Jirani yetu alipoteza matumizi ya vidole viwili na alistahili haki yake, kwa hiyo simtetei kaka yangu katika hilo, na naomba mjadala usielekee huko.

Jambo la kwanza lilimhusu mama yetu. Alikuwa amelazwa hospitali ya Ndanda, nasi tulikwisha kuambiwa tujiandae. Kaka alipata habari hizo kwa barua iliyopitia ofisi ya gereza, kama barua zote zinavyopaswa kupitia, nayo ilimfikia ikiwa imechelewa. Akaomba ruhusa ya kwenda kumwona akiwa chini ya ulinzi. Jibu halikuja, si la kukubali wala la kukataa. Asubuhi moja, genge lao likiwa shambani, askari aliyekuwa analisimamia akamwita pembeni kwa ukali kama anayetaka kumkaripia, akamwamuru achuchumae nyuma ya kichuguu, kisha akamtupia kofia yake ya sare. Ndani ya kofia mlikuwa na simu ndogo ya vitufe, ikiwa tayari imepigwa. Aliyepokea ni mimi, niliyekuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha mama. Baadaye nilikuja kujua kwamba namba yangu aliitoa katika daftari la wageni.

Nilidhani watalia. Badala yake mama alizungumzia salfa, dawa ya mikorosho. Ilikuwa Julai, mikorosho imeanza kutoa maua, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haungoji mtu apone. Alitaka kujua bomba la kupulizia ameazimwa nani, na kama mdogo wetu anakumbuka kupuliza alfajiri kabla umande haujakauka na upepo haujaanza. Kaka alimjibu kila swali kama mtu aliyesimama shambani kwake. Mwishoni mama akasema, "Basi, sauti yako nimeisikia," akanirudishia simu. Hakumaliza wiki. Kaka hakufika mazikoni.

Jambo la pili lilihusu rufaa. Kaka alitaka kukata rufaa tangu siku aliyohukumiwa, lakini kila alipouliza ofisini aliambiwa kwamba nakala ya hukumu haijaletwa. Askari mwingine, mtu mzima anayekaribia kustaafu, akiwa likizo alikwenda kwa nauli yake hadi kwenye masjala ya mahakama iliyomhukumu, akaifuatilia nakala hiyo hadi ikatoka, na akasimamia mpaka karatasi za rufaa zikapelekwa. Alituomba tusimtaje popote. Rufaa ilisikilizwa, adhabu ikapunguzwa.

Wote wawili hawakupokea shilingi. Baba yetu mdogo alipowapelekea korosho za kubanguliwa wakati wa msimu, yule wa kofia alizirudisha na kusema kwamba akizipokea, lile alilofanya litageuka jambo jingine.

Upande mmoja wa ukoo unasema hao ni watu wema wasio na hatia yoyote. Upande mwingine, ambao unaongozwa na shemeji yetu aliye mgambo, unasema kwamba askari anayechagua kanuni ya kufuata na ya kuacha ni hatari hata anapochagua vizuri. Mimi nashukuru kwa moyo wangu wote, lakini bado sijapata jibu la kumpa shemeji. Ninyi mnasemaje?

Afande Mstaafu

Ndugu mleta uzi, poleni kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi. Nimelitumikia Jeshi la Magereza hadi kustaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa Lindi na Mtwara. Nitasema bila kuficha: kama ningekuwa zamu siku ile na nikakuta simu ndani ya kofia, yule kijana ningemfikisha mbele ya mkuu wa gereza kwa kosa la nidhamu kabla jua halijazama.

Msiniite mkatili kabla hamjanisikia. Sheria ya Magereza, ile ya mwaka 1967, pamoja na kanuni zake, haikumkataza askari kumwingizia mfungwa vitu visivyoruhusiwa kwa sababu waliotunga walichukia wafungwa. Jiulizeni: askari yule alijuaje kwamba aliyeko upande wa pili ni mama mgonjwa? Aliamini tu. Mimi nimewahi kuona simu ya namna hiyohiyo, iliyoombwa kwa machozi yaleyale, ikitumika kumpigia shahidi kijijini na kumweleza kwamba watoto wake wanajulikana wanapita njia gani kwenda shule. Mleta uzi ametaja jirani aliyejeruhiwa vidole. Huyo naye alikuwa na haki ya kulala usiku akijua kwamba aliyemkata hawezi kumpigia simu.

Jambo la pili ambalo raia hawalijui ni namna askari anavyonaswa. Hakuna mfungwa mzoefu anayeanza kwa kuomba kitu kikubwa. Huanza na kipande cha sabuni, kisha kuulizia hali ya mtoto wake, kisha barua fupi isiyopitia ofisini kwa sababu "ni ya salamu tu, afande." Mkono ukishazoea kupokea karatasi ile, siku moja nyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, anakuja kukueleza kwa heshima kubwa kwamba ameiona, na kwamba hana nia ya kusema, isipokuwa kuna mzigo mdogo wa tumbaku au bangi uko kwa ndugu yake mjini. Tangu hapo mfungwa ni wewe. Nimeona vijana wazuri, waliotoka mafunzoni wakiwa na moyo safi, wakifukuzwa kazi na wengine kushtakiwa kwa njia hiyo, na kila mmoja alipohojiwa alianza kwa kusema kwamba alimwonea huruma.

Tatu, aliyehatarishwa zaidi na kofia ile ni kaka yako. Mfungwa mwenye nidhamu hupata msamaha wa theluthi ya kifungo chake, na akikamatwa na kitu kisichoruhusiwa anaweza kupoteza siku hizo. Askari alimpa dakika chache za mama na kumweka katika hatari ya kukaa ndani muda mrefu zaidi.

Wakili wa Shangani

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu simu kwa kiasi kikubwa, lakini naomba tuyatenganishe mambo haya mawili, kwa sababu mleta uzi ameyafunga katika kitita kimoja na wewe umelijibu moja tu.

Suala la rufaa si fadhila hata kidogo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutoa taarifa ya nia yake ndani ya siku 10, na huwasilisha hati ya rufaa ndani ya siku 45, ukiondoa muda uliotumika kupata nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Aliye gerezani haambiwi aruke ukuta aende masjala. Sheria hiyohiyo inamruhusu kukabidhi hati zake kwa mkuu wa gereza, na mkuu wa gereza ndiye anayezipeleka mahakamani. Kwa maneno mengine, mzee yule wa likizo hakuvunja kitu cha maana. Alifanya kwa siri, kwa nauli yake na kwa hofu, kazi ambayo ofisi yake ilipaswa kuifanya mchana kweupe kwa gari la serikali.

Hapa Kanda ya Mtwara nimesoma mafaili mengi ya maombi ya kuongezewa muda wa rufaa, na maelezo ya waombaji yanafanana mno: nilimweleza afande, afande akasema nisubiri, nikasubiri. Mahakama zetu zimekuwa zikikubali kwamba mfungwa si mtu huru wa kufuatilia karatasi zake, na kwamba ucheleweshaji uliosababishwa na gereza usimwangukie yeye. Hiyo ni nafuu, lakini inakuja baada ya mtu kukaa ndani miezi au miaka zaidi ya aliyostahili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipitishwe, watoa msaada wa kisheria wana mlango wa kuingilia magerezani. Tatizo ni kwamba wilayani huku wapo wachache, na barabara zetu wakati wa masika mnazijua.

Nikirudi kwenye simu: Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(d), inataka heshima ya mtu itunzwe hata katika utekelezaji wa adhabu. Sisemi kwamba hiyo inampa mfungwa haki ya simu ndani ya kofia. Nasema kwamba ombi la kumwona mama anayekufa haliwezi kuachwa bila jibu. Kosa la kwanza katika habari hii ni ukimya wa ofisi, na kosa la askari lilizaliwa na ukimya huo.

Mama Tandahimba

Nawasoma wanaume mkizungumza juu ya huruma na nidhamu, nami nataka kuwakumbusha jambo la tatu, ambalo ni bei.

Mume wangu alikaa mahabusu kwa muda mrefu kabla kesi yake haijafutwa. Kulikuwa na askari waliotusaidia: kupeleka dawa za pumu nje ya siku ya wageni, kupokea chakula hata muda ukiwa umepita, kunieleza siku karandinga litakapompeleka mahakamani ili nimwone akishuka. Nilimwona kila mmoja wao kuwa mtu mwema. Baada ya muda nikaanza kuelewa kwamba wema huo una soda yake, una nauli yake, na siku ambayo sina kitu, muda wa wageni unakuwa umekwisha kweli. Hakuna aliyenidai. Kilichokuwepo ni kutazamwa mikono tu.

Kwa hiyo nampongeza yule aliyerudisha korosho, na ninaamini mleta uzi anasema kweli. Lakini mimi niliyekuwa nje ya lango, ningemtofautishaje na wale wengine? Wote walifanya kwa siri, wote walininong'oneza, wote walisema "usimwambie mtu." Mlango wa siri ukishafunguliwa, mwema na mla rushwa wanapita mlemle, na mke wa mahabusu hana taa ya kuwamulikia nyuso. TAKUKURU nao wakija leo, wataanza na nani?

Mwalimu wa Mikindani

Ndugu zangu, naomba niongeze mfano wa mbali kidogo, kwa sababu nauona unagusa hoja hii moja kwa moja.

Nelson Mandela alipofikishwa kisiwa cha Robben mwaka 1964, aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Mama yake alifariki mwaka 1968, akaomba ruhusa ya kwenda kumzika, akanyimwa. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa, Thembi, alikufa kwa ajali ya gari, na ruhusa ikakataliwa tena. Mwaka 1978 akapangiwa kazi kisiwani hapo kijana Mzungu ambaye hajafikisha miaka 20, Christo Brand, aliyelelewa shambani na kuingia jeshi la magereza ili kukwepa jeshi la vita. Watoto wadogo hawakuruhusiwa kabisa kuwaona wafungwa. Winnie, mke wa Mandela, alipokuja na mjukuu mchanga aliyefunikwa blanketi, kijana yule alimchukua mtoto kwa siri akampitisha upande wa pili, na Mandela akambeba kwa muda mfupi. Winnie mwenyewe hakuambiwa siku ile. Kama ingejulikana, Brand angepoteza kazi, na huenda zaidi ya kazi.

Ninachotaka mkione ni kilichofuata baadaye sana. Umoja wa Mataifa ulipofanyia marekebisho Kanuni zake za Kima cha Chini za Kuwahudumia Wafungwa, tarehe 17 Desemba 2015, ulizipa jina la Kanuni za Mandela. Ziko 122. Kanuni ya 70 inasema kwamba mfungwa aarifiwe mara moja ndugu yake wa karibu anapougua sana au kufariki, na kwamba hali ikiruhusu apewe idhini ya kwenda kumwona mgonjwa au kuhudhuria maziko, akisindikizwa au peke yake. Kanuni ya 58 inataja mawasiliano ya simu na vyombo vya kielektroniki pale vinapopatikana. Yaani alichofanya askari wa Ndugu Mwenyeji kwa kofia, dunia imekwisha kukiandika kuwa jambo la kufanywa ofisini, kwa simu ya mezani, mbele ya afisa.

Waislamu wenzangu humu wanakumbuka pia kwamba Sura ya 76 ya Qur'ani, aya ya 8, inamweka mfungwa pamoja na maskini na yatima katika orodha ya wale wanaolishwa na waja wema. Na ndugu zetu Wakristo wa Masasi wanaijua habari ya mlinzi wa gereza la Filipi aliyewaosha Paulo na Sila majeraha yao usiku uleule.

Afande Mstaafu

Mwalimu, mlinzi wa Filipi nilihubiriwa mara nyingi nikiwa kazini, na kila mara nilitamani kumwuliza mhubiri kama mlinzi yule alikuwa na magari mangapi.

Kanuni za Mandela tulifundishwa, nami naziheshimu, lakini ni mwongozo. Maneno "hali ikiruhusu" ndiyo yanayoamua yote. Kumpeleka mfungwa mmoja kutoka gereza la shambani hadi Ndanda kunahitaji gari, mafuta, dereva na askari wasiopungua wawili wa kumsindikiza. Siku hiyohiyo kuna mahabusu wa kupelekwa mahakamani, na hakimu hakubali kuambiwa kwamba karandinga limekwenda kuaga mgonjwa. Mkuu wa gereza anaweka ombi pembeni akisubiri gari lirudi, gari linarudi limeharibika, na mgonjwa hangoji. Ukimya ambao wakili anauita kosa la kwanza mara nyingi hauna chuki ndani yake. Ni aibu ya mtu asiye na la kujibu.

Hata hivyo naikubali hoja moja ya mwalimu. Simu ya ofisini inawezekana, na haili mafuta.

Kijana wa Rutamba

Mimi nimekaa ndani, gereza jingine, na sitaeleza kwa kosa gani. Nataka kumweleza mleta uzi kitu kimoja ambacho wote waliochangia wamekiruka.

Sisi wafungwa wengine huwa tunaona. Katika genge la watu kumi na tano haiwezekani mmoja aitwe nyuma ya kichuguu, arudi macho mekundu, na watu wasijue. Siri ya namna hiyo ni siri kwa wakubwa tu. Kwa wafungwa ni tangazo. Na usiku huo selo nzima inalala ikijiuliza: kwa nini yeye? Mama yangu naye anaumwa, mimi sijui hata kama yu hai, kwa sababu sina mdogo mwenye simu wala jina katika daftari la wageni. Kaka yako alikuwa na watu wanaomtembelea, watu wenye adabu, wanaoandika barua nzuri. Askari alimjua kama binadamu kupitia ninyi. Kwetu palikuwa na mzee wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, hakuwa na mgeni hata mmoja, Kiswahili chake cha shida, na sikumwona askari yeyote, mwema au mbaya, akimvunjia kanuni yoyote.

Sisemi kwamba yule afande hakufanya vizuri. Nasema huruma ya siri inamfikia anayeonekana.

Mwenyeji wa Newala (mleta uzi)

Nimewasoma wote, na baadhi ya maneno yamenichoma, hasa ya Kijana wa Rutamba na ya Mama Tandahimba.

Mzee wangu Afande, hoja yako kuhusu shahidi naikubali bila masharti, na nitamfikishia shemeji. Lakini nakuomba uipime tena hoja ya kunaswa. Ulieleza kwamba askari hunaswa kwa sababu kitu kidogo alichokitenda kwa huruma hakiwezi kuonekana hadharani. Je, si siri yenyewe inayompa nyapara nguvu? Kama yule kijana angeweza kumchukua kaka hadi ofisini, akapiga simu mbele ya afisa wa zamu, akaandika jina la aliyepigiwa na muda uliotumika, nyapara angekuwa na nini cha kumtishia? Shahidi naye angelindwa, kwa sababu afisa anasikia kila neno. Na mzee wa ng'ambo ya Ruvuma angeweza kuuliza, "Na mimi je?" Leo hawezi kuuliza, kwa sababu rasmi hakuna lililofanyika.

Kwa hiyo jibu langu kwa shemeji nitalijenga hapo. Simlaumu askari kwa huruma yake, na sitaki aadhibiwe. Ninachokataa ni sisi, familia zilizonufaika, kuridhika kwamba mambo yaendelee hivyo, eti kwa sababu kwetu yalikwenda vizuri. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilichunguza taasisi za haki jinai na kukabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, magereza yakiwa miongoni mwa taasisi hizo. Mambo kama haya ndiyo tulipaswa kuyapeleka mbele ya watu wa namna hiyo. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa tuliogopa kumchongea mtu aliyetutendea wema. Siri ilimlinda yeye, na ikailinda pia ile ofisi isiyojibu maombi.

Wakili, nina swali. Ombi la kumwona mgonjwa likikaa bila jibu, familia ifanye nini ambacho si kutafuta askari wa kumnong'oneza?

Wakili wa Shangani

Andikeni kwa mkuu wa gereza, mkiambatanisha barua ya hospitali, na nakala mgongewe muhuri wa kupokelewa. Ofisi nyingi hujibu haraka zaidi karatasi yenye muhuri kuliko machozi ya langoni. Pelekeni nakala kwa mkuu wa magereza wa mkoa. Sheria ya Magereza inawatambua pia mahakimu wanaoingia magerezani kukagua na kusikiliza malalamiko, kwa hiyo mfungwa mwenyewe anaweza kuwaeleza wanapopita. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko ya waliozuiliwa. Najua kwamba mgonjwa aliye mahututi hasubiri mizunguko yote hiyo, lakini ombi lililoandikwa linamlazimu mtu fulani, mwenye jina na cheo, kulikataa. Na wengi hawapendi kuweka saini chini ya maneno "asiende kumwona mama yake."

Mama Tandahimba

Afande, na wewe nina swali, na naomba usinijibu kwa kanuni. Katika miaka yote ile, wewe mwenyewe hukuwahi?

Afande Mstaafu

Nimelikalia swali hili tangu jana jioni, dada yangu, na nimeona nilijibu.

Niliwahi, mara moja. Tulikuwa tunarudi kutoka mahakamani na wafungwa wachache, mimi nikiwa mkuu wa msafara. Mmoja wao mtoto wake alikuwa amezikwa wiki ile, na makaburi ya kijiji chao yako kando ya barabara yetu, hatua chache kutoka kwenye lami. Ruhusa ya kusimama sikuwa nayo. Nilimwamuru dereva asimame, tukamshusha akiwa na pingu, askari mmoja mbele na mmoja nyuma. Akainama, akachota udongo kwa mikono miwili iliyofungwa, akaumimina juu ya kaburi, akaomba dua, akapanda. Wenzake garini hawakutamka neno.

Tofauti yangu na yule kijana wa kofia ni kwamba nilipofika nililiandika katika kitabu cha matukio: mahali, saa ya kusimama, saa ya kuondoka, sababu, na kwamba amri ni yangu. Nilikuwa na desturi hiyo, na niliwafundisha vijana wangu vilevile, kwamba jambo usilothubutu kuliandika usilitende, na ukishalitenda liandike, hata kama litakuponza.

Kesho yake mkuu wangu aliniita. Hakuniuliza kwa nini nilisimamisha gari. Aliniuliza kwa nini nimeandika, kwa sababu sasa na yeye ameshasoma, na lazima afanye kitu. Tulitazamana kwa muda. Mwisho alichukua kalamu, akaandika chini ya maelezo yangu kwamba ameona, akatia saini. Mwaka haukuisha nikapata uhamisho. Sikuambiwa kwamba ni kwa sababu ile, na siwezi kuapa kwamba ilikuwa ndiyo. Lakini yule aliyekuja kushika nafasi yangu alinipigia baadaye kunieleza kwamba mfungwa mwingine ameomba kusimama palepale, na kwamba ameona katika kitabu kuwa limewahi kufanyika, akataka kujua tulitumia pingu za mbele au za nyuma.